Baba Mstaafu na Mizinga Yake

Akina mama wengi tumeandaliwa kwa mambo mengi ya ndoa. Tulifundishwa kumpokea mtoto mchanga, kukaa vizuri na wakwe, na kugawa fedha ya chakula ifike mwisho wa mwezi. Lakini ni wachache kati yetu waliofundishwa kukaa na mzee aliyestaafu. Katika nchi yetu mtumishi wa serikali anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa lazima akifika miaka 60. Siku hiyo wenzake humfanyia sherehe, humpa zawadi, hupiga naye picha, kisha humsindikiza nyumbani. Na huko nyumbani ndiko aliko mama.

Makala hii ni kwa ajili ya mama huyo, na pia kwa binti au mkwe ambaye ana mzazi mstaafu. Tutamtazama mzee mmoja wa miteremko ya Mlima Meru, ambaye ni baba yangu mzazi, na kazi ya mikono aliyojipatia baada ya kustaafu: kuchonga mizinga midogo ya miti na kuitundika chini ya upenu wa nyumba. Habari zake si za ajabu. Ninazieleza kwa sababu katika nyumba nyingi yumo mzee kama huyu, na mara nyingi ni mwanamke wa nyumba hiyo anayeamua, hata bila kujua, kama kazi ya mzee itakua au itakufa.

KENGELE IKINYAMAZA

Baba alifundisha shule za msingi kwa miaka 34. Kwa miaka hiyo yote kengele ya shule ndiyo iliyompangia siku. Alipostaafu aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, akanyoa ndevu, akavaa viatu vyake vya kazini, kisha akakaa barazani. Wiki za kwanza Mama alifurahi kuwa na mume nyumbani. Baada ya mwezi mmoja furaha ilipungua. Baba alimfuata jikoni akiuliza mbona moto ni mkubwa, mbona sukari imekwisha mapema, mbona maziwa hayajapelekwa. Wajukuu wakija aliwakagua kucha na madaftari kana kwamba wako mstarini shuleni.

Baadaye ukali uliisha, na mahali pake ukaja ukimya. Mama anasema ukali haukumtisha, maana aliuzoea. Ukimya ndio uliomtisha. Baba aliacha kusikiliza taarifa ya habari. Chakula alikiacha nusu. Jumapili mbili mfululizo alisema miguu inauma, hakwenda ibadani.

Akina mama tuzijue dalili hizi. Mtu mzima anapopoteza kwa siku moja kazi, wenzake na heshima ya cheo chake, anaweza kuingia katika huzuni ambayo ni ugonjwa kamili. Kwa wanaume huzuni hiyo mara nyingi hujionyesha kama hasira, kisha kama kujitenga. Usingizi ukipotea, hamu ya chakula ikitoweka, au mzee akianza kusema kwamba hana faida tena duniani, tusingoje. Tumpeleke kwa daktari, na tumwombe mchungaji aje kumwona.

Kwa Baba, mlango ulifunguliwa na mtoto. Mjukuu mmoja aliyekuja likizo alimwomba, “Babu, nitengenezee nyumba ya njiwa.” Baba akaokota mbao za masanduku, akatafuta msumeno wa zamani, na kwa siku tatu akajenga kibanda cha milango minne juu ya nguzo. Njiwa walikuja haraka kuliko tulivyotegemea. Jirani naye akaja nyuma yao, akisema njiwa hao ni wake! Walicheka sana, na tangu siku ile jirani huyo hupita kila jioni. Lakini Baba alikuwa amekwisha kushika msumeno, na mikono yake ikakumbuka jambo jingine. Marehemu babu yangu alikuwa mchonga mizinga.

NYUKI WADOGO WA CHINI YA UPENU

Wenyeji wa Meru na wa Kilimanjaro wamechonga mizinga ya magogo tangu zamani. Mingi ni ya nyuki wanaouma, nayo hutundikwa mitini, mbali na watu. Huku juu mlimani wapo nyuki weusi kidogo, wapole kuliko wenzao wa tambarare, ambao wataalamu huwaita nyuki wa milimani. Pamoja na upole wao, hao nao wana mwiba.

Lakini wapo pia nyuki wadogo wasiouma. Ni wadogo kiasi kwamba mtu asiyewajua huwadhania nzi. Hawajengi masega kama nyuki wakubwa. Huchanganya nta na utomvu wa miti, wakafinyanga vijungu vidogo vya mviringo, na ndani ya vijungu hivyo huhifadhi asali. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na wazee wetu wameitumia tangu zamani kwa kikohozi. Kwa kuwa hupatikana kidogo, huuzwa kwa bei kubwa kuliko asali ya kawaida.

Kwa sababu hawana mwiba wa kuuma, mizinga yao hutundikwa nyumbani kabisa, chini ya upenu, karibu na dirisha la jikoni. Usidhani hawana namna ya kujilinda. Wakikasirika huingia kwenye nywele, masikioni na puani, na hung’ata kwa vinywa vyao vidogo. Ndiyo maana Mama hafungui mzinga kabla ya kufunga kitambaa kichwani.

Faida yao haiishii kwenye asali. Katika bustani za Meru tuna migomba, kahawa, maharagwe, maboga na siku hizi maparachichi kwa wingi. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa tayari kupokea chavua, mara ya pili likiwa tayari kuitoa. Bila wadudu wa kubeba chavua kutoka ua hadi ua, maua mengi huanguka bure. Kwa hiyo mzee anayechonga mizinga anafanya kazi ya shamba, hata kama jembe limemshinda.

JINSI MZINGA UNAVYOCHONGWA

Huenda msomaji angependa kujua kazi yenyewe, ili siku mzee wake akianza kukusanya magogo asishangae.

Mti unaopendwa ni mringaringa. Ni mwepesi, hauliwi haraka na wadudu, na ukikauka haupasuki ovyo. Nao ungali hai huchanua maua meupe ambayo nyuki huyapenda sana, hivyo mti mmoja hutoa nyumba na chakula. Asipopata mringaringa, Baba hutumia msesewe, au tawi nene la mgrevilea lililopogolewa shambani. Hakati mti mzima kwa ajili ya mizinga, na katika msitu wa hifadhi hagusi hata tawi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuvuna miti msituni bila kibali, na mzee wa heshima hapaswi kuitwa kituoni kwa ajili ya gogo.

Kipande hukatwa urefu wa mkono wa mtu mzima, kikamenywa gome, kikaachwa kivulini wiki kadhaa kikauke taratibu. Kikianikwa juani hupasuka. Baadaye Baba huchora duara kwa mkaa kwenye kila ncha, halafu huanza kutoboa. Kwanza hutumia mtaimbo ulionolewa ncha bapa, kisha patasi na nyundo ya mti. Huchimba upande huu, akageuza gogo, akachimba upande wa pili, mpaka matundu mawili yakutane katikati. Siku yanapokutana huinua gogo, akachungulia, na kumwita yeyote aliye karibu aje aone mwanga.

Ukuta wa mzinga huachwa unene wa vidole viwili, kwa kuwa mwezi wa Juni na Julai baridi ya Meru ni kali, na ukuta mwembamba huwatesa nyuki. Nje hulainishwa kwa tezo. Katikati hutobolewa mlango mdogo, kiasi cha kupita kalamu ya risasi. Ncha mbili hufunikwa kwa vipande vya ubao, na nyufa huzibwa kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng’ombe. Ndani hapakwi rangi wala dawa ya mbao. Mlangoni hupakwa nta na utomvu kutoka kiota cha zamani, ili nyuki wakipita wasikie harufu ya kwao. Mzinga hufungwa kwa waya uliopakwa grisi ili siafu wasiteremke, ukalazwa sawa chini ya upenu, mahali pasipo jua kali wala mvua.

Mzinga mmoja humchukua Baba karibu wiki mbili. Kijana mwenye nguvu angeumaliza kwa siku mbili tatu. Tofauti hiyo haimsumbui, maana hana anayemkimbiza.

“WATU WATASEMA NINI?”

Sasa tuje kwenye jambo lililoleta ugomvi. Kazi hii ilipoanza, nyumba haikuifurahia.

Mama alikuwa na malalamiko yake, na yalikuwa ya haki. Vibanzi vilijaa uani. Vumbi la mbao liliingia kwenye nguo zilizoanikwa. Mlio wa nyundo ulianza kabla jua halijachomoza. “Mwalimu,” alimwambia siku moja, “nilingoja miaka 34 urudi nyumbani, na sasa umeoa magogo.”

Kaka yangu anayeishi Dar es Salaam alikuwa na lake. Alikuja Krismasi, akamkuta baba yake ameinama juu ya gogo, amevaa shati lililochanika, jasho linamtoka. Alimwamkia, kisha akasema kwa uchungu, “Baba, watu watasema nini? Watasema umesomesha watoto, na sasa wamekuacha uchonge magogo ili ule.” Akaahidi kuongeza fedha anayotuma kila mwezi ili Baba apumzike.

Kaka alisema kwa upendo. Wengi wetu tungesema kama yeye, kwa maana katika jamii yetu aibu ya mzazi ni aibu ya watoto. Baba alikaa kimya kwa muda, kisha akajibu, “Mwanangu, fedha yako naipokea na Mungu akubariki. Lakini umenipa cha kula. Hujanipa cha kufanya.”

Wapendwa, maneno hayo tuyaweke moyoni. Tunapomtunza mzazi tunahesabu mchele, dawa, blanketi na bima ya afya. Hayo ni ya lazima, na asiyeyatoa anamwacha mzazi wake. Lakini mzee anaweza kushiba, akavaa, akatibiwa, na bado akafa kidogo kidogo kwa sababu hakuna mtu anayemhitaji. Aliyezoea kuulizwa maswali na watoto 80 kwa siku hawezi kuishi kwa kuulizwa swali moja tu, “Umekunywa dawa?”

MCHUNGAJI ALIYETAFUTA FARAJA KWA NYUKI

Kama yupo anayedhani kwamba kutengeneza nyumba za nyuki ni kazi ya wasiosoma, asikie habari za Mchungaji Lorenzo Langstroth wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1810, akawa mchungaji na mwalimu wa shule ya wasichana. Maisha yake yote alisumbuliwa na vipindi vya huzuni nzito vilivyomfanya ashindwe kuhubiri. Katika shida hiyo alivutwa na nyuki, na kuwaangalia kukawa faraja yake.

Mwaka 1851 aligundua jambo dogo lenye maana kubwa: nyuki wakiachiwa nafasi ya kama milimita 6 hadi 9 kati ya fremu, hawaijazi nta wala utomvu, huiacha iwe njia yao. Kutokana na hilo akabuni sanduku lenye fremu zinazoinuliwa bila kuharibu kiota, akapata hataza yake mwaka 1852. Sanduku hilo, lenye jina lake, limesambaa duniani kote, hata hapa Tanzania. Langstroth alifariki mwaka 1895 mjini Dayton, mimbarani, alipokuwa anaanza kuhubiri.

Nyumbani kwetu pia kazi ya nyuki ina heshima yake. Mheshimiwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 2008 hadi 2015, alifuga nyuki mwenyewe na kuwahimiza wananchi wafuge. Hapa Arusha, eneo la Njiro, kuna kituo cha utafiti kilicho chini ya TAWIRI ambako wataalamu huchunguza nyuki, wakiwemo hawa wadogo. Na Novemba 2014 wataalamu wa nyuki kutoka nchi nyingi walikutana Arusha kuzungumzia nyuki wa Afrika. Kwa hiyo mzee wako akikuomba nauli aende kuuliza maswali kwa wataalamu, mpe. Anakwenda shule.

MAANDIKO NA KUSTAAFU

Watu husema Biblia haitaji kustaafu. Fungua Kitabu cha Hesabu, sura ya 8, kuanzia mstari wa 23. Hapo Mungu anampa Musa utaratibu wa Walawi. Mlawi akifika miaka 50 aliachishwa kazi nzito ya hema. Lakini hakuambiwa aende akakae. Aliruhusiwa kuendelea kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Mzigo ulipungua, nafasi yake ikabaki.

Mtazame pia Kalebu katika Yoshua sura ya 14. Akiwa na miaka 85 hakumwomba Yoshua mahali pa kupumzika. Aliomba apewe nchi ya milima. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunaweza kumwelewa.

Wala tusidharau kazi ya mikono. Mtume Paulo alishona mahema. Dorkasi alishona nguo za wajane. Na Bwana wetu mwenyewe, kabla hajaanza kuhubiri, watu wa Nazareti walimjua kama seremala. Mikono iliyobarikiwa kuliko yote ilishika mbao.

FEDHA YA ASALI NI YA NANI?

Mwaka wa pili mizinga minne ilikuwa na nyuki. Mama alichuja asali, akaijaza kwenye chupa safi, akahesabu bei ya soko la Tengeru. Jioni alikuta chupa nusu zimekwenda. Baba alikuwa amempa mwalimu mwenzake, jirani wa njiwa, mgonjwa mmoja, na mbili amezipeleka kanisani kwa mnada wa baada ya ibada.

Mnada wa kanisani tunaujua. Kuku, ndizi na mayai hupanda bei kwa furaha, na chupa ile ndogo ilipanda mpaka watu wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa alisema mbele ya wote kwamba imetoka kwenye mzinga uliochongwa na Mwalimu. Jumapili iliyofuata Baba hakusema miguu inauma.

Lakini Mama naye alikuwa na hoja. Kuchuja ni kazi. Kuosha chupa ni kazi. Sukari na sabuni havinunuliwi kwa vigelegele. Walizungumza siku kadhaa, mara kwa utani, mara kwa ukali, mpaka wakafikia mapatano ambayo wanayashika mpaka leo: chupa zikishachujwa hugawanywa mafungu mawili sawa. Fungu moja ni la Baba, agawe atakavyo bila kuulizwa. Fungu la pili ni la Mama, auze atakavyo bila kuulizwa. Vibanzi vya uani navyo ni vya Mama, na huwashia moto. Nyundo haianzi kabla ya chai.

Tunaona hapa hekima kubwa. Nyumba nyingi huharibu kazi ya mzee kwa njia mbili. Wengine huidharau na kuiita mchezo. Wengine huishangilia mno, wakaifanya biashara kabla ya wakati: “Babu, chonga 50, tumepata mteja.” Mzee aliyekimbia kengele ya shule huwekewa kengele nyingine. Kazi hii ikileta fedha, tumshukuru Mungu. Lakini kabla ya fedha, inamletea mzee sababu ya kuamka.

MAMBO YA KUANGALIA

1. Mpe mzee mahali pake. Iwe kona ya ua, kivuli cha mparachichi au banda lililoachwa na ng’ombe. Vifaa vyake visihamishwe bila ruhusa yake.

2. Angalia macho na miguu yake. Kabla ya kushika tezo, apimwe macho. Avae viatu vilivyofunika vidole. Afunge kitambaa puani anapochonga mti mkavu, hasa kama ana pumu.

3. Asipande ngazi. Mfupa wa mzee ukivunjika huchukua muda mrefu kupona, na wengine hawainuki tena. Mizinga midogo itundikwe usawa wa kifua, na kijana ndiye abebe magogo.

4. Tofautisha nyuki. Mizinga ya nyuki wanaouma isiwekwe karibu na nyumba, njia, shule wala zizi. Mtu akiumwa na nyuki kisha akavimba uso au akapumua kwa shida, akimbizwe hospitali mara moja.

5. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba, hata kama Bibi na Babu wanasema ni dawa. Asali inaweza kuwa na mbegu za vijidudu ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, nazo hutoa sumu inayolegeza misuli na hata pumzi. Kuichemsha nyumbani hakuziui mbegu hizo.

6. Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi, hivyo huchachuka haraka. Ihifadhiwe katika chupa safi, kavu, yenye kifuniko, mahali pa baridi.

7. Wapeleke watoto wakakae na babu yao. Wasimame tu wamshikie gogo. Mtoto aliyeshika gogo saa nzima husikia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha darasa.

8. Kwa kila gogo linalochongwa, upandwe mche. Baba huotesha mbegu za mringaringa kwenye makopo. Anajua hatachonga miti hiyo. Anawapandia wengine.

NA AKINA MAMA JE?

Tusidhani kustaafu ni jambo la wanaume tu. Wapo wauguzi, walimu, makarani na akina mama wa sokoni ambao miguu yao imekataa kusimama. Kazi ya nyumbani haistaafu, na kwa hiyo watu hudhani mama haitaji kitu kingine. Muulize mama yako mikono yake ilipenda nini alipokuwa msichana. Huenda ni kusuka vikapu, kufuma vitambaa au kupanda maua. Mnunulie uzi. Mpe saa moja kwa siku ambayo hakuna anayemwita. Mama yangu anasema fungu lake la asali ndilo mshahara wake wa kwanza, naye ameupata akiwa na miaka 63.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Ukimfuata mzee wako mahali anapofanyia kazi, ukachukua kigoda, ukakaa naye hata robo saa, utapata zaidi ya asali. Utasikia jinsi baba yake alivyochagua mti, jinsi mama yake alivyochuja, walivyopita wakati wa njaa. Habari hizo ziko katika kichwa kimoja tu, na siku moja kichwa hicho kitalala. Usiulize kwa haraka. Mwache achonge, nawe usikilize.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, mzazi wako mstaafu ana kazi gani ambayo ni yake mwenyewe, isiyo ya kutumwa?

2. Soma Hesabu 8:23–26. Katika usharika wenu wazee wamepewa nafasi gani ya kuwasaidia ndugu zao?

3. Wewe na mume wako mmebakiza miaka mingapi kabla ya kustaafu? Mmezungumza lini mara ya mwisho juu ya siku ile, mbali na habari za fedha?

4. Ni neno gani la “watu watasema nini?” ambalo limeizuia familia yenu kufanya jambo jema?